Gari langu huwaka likipenda: nitajuaje kilichoharibika kabla ya kununua kifaa cha tatu?

Mpendwa Mshauri,

Nina gari la petroli la gia otomatiki, lenye umri wa miaka 26, ambalo nimelimiliki kwa miaka saba na ambalo, ukiondoa jambo hili ninalokuandikia, halijawahi kunisumbua kiasi cha kunifanya nifikirie kuachana nalo. Kwa muda wa miezi minane sasa limekuwa na tabia ya kuwaka linapotaka. Asubuhi huwaka mara moja tu nigeuzapo ufunguo, na wiki nzima inaweza kupita bila shida yoyote. Kisha siku moja, na mara nyingi ni pale ninapokuwa nimeendesha kwa nusu saa, nikazima kwa dakika kumi, kisha nikarudi kuondoka, nageuza ufunguo na injini haizunguki kabisa. Taa za dashibodi zinawaka kama kawaida na wala hazififii, lakini kwenye injini ni kimya, au mara chache nasikia "tik" moja hafifu. Nikirudia mara sita au saba, au nikisubiri robo saa, gari linawaka kwa nguvu zote kana kwamba halikuwahi kugoma.

Fundi wa kwanza alisema ni betri, nikanunua mpya. Fundi wa pili akasema stata, ile mota inayozungusha injini wakati wa kuwasha, imechoka, akanifungia nyingine, na ile ya zamani nimeihifadhi stoo. Baada ya hapo nilikaa wiki tatu nikiamini tumemaliza, halafu tatizo likarudi vilevile. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba kila ninapolipeleka gereji linawaka mara kumi mfululizo mbele ya fundi, naye ananitazama kama mtu anayezua mambo. Mimi mwenyewe nimekagua terminali za betri, nikakuta ni safi na zimekazwa. Fyuzi zote ni nzima. Alamu ya wizi aliyoifunga mmiliki wa kwanza ilikwisha kufa zamani na sijawahi kuigusa. Sasa fundi wa tatu anataka tubadilishe swichi ya ufunguo. Kabla sijatoa fedha tena, naomba unieleze kama kuna njia ya kujua kwa hakika tatizo liko wapi, wakati gari lenyewe halikubali kuonyesha ugonjwa wake mbele ya anayelitibu.

Msomaji aliyechoka kubahatisha

JIBU

Ndugu Msomaji,

Mafundi wako hawakuwa wajinga, na wala wewe huzui mambo. Betri na stata ndizo zinazoongoza kwa kusababisha gari lisiwake, kwa hiyo anayeanza nazo hajakosea sana. Kosa ni kubadilisha vifaa katika gari ambalo, wakati linapobadilishwa vifaa hivyo, ni zima. Hitilafu inayokuja na kuondoka haipimiki siku ambayo haipo. Kwa hiyo ushauri wangu wote unasimama juu ya jambo moja: usilipeleke tena gari gereji ukitumaini kwamba litagoma huko, bali liwekee kipimo kitakachokuwa tayari siku litakapogoma, popote utakapokuwa, kisha kipimo hicho kikuambie upande gani wa kutafuta.

Tuanze na ushahidi ulionao tayari, kwa kuwa barua yako ina mambo mawili yenye uzito kuliko ulivyodhani. La kwanza ni zile taa zisizofifia. Stata ya gari dogo la petroli inapozunguka hunyonya ampia 100 au zaidi kutoka kwenye betri, na unyonyaji huo huonekana kwa macho: taa hupungua mwanga kwa sekunde ile unayopiga stata, hata katika gari lisilo na kasoro. Ingekuwa betri imeishiwa, au terminali yake imelegea, taa zingefifia sana au kuzimika kabisa, na pengine ungesikia mfululizo wa "tik-tik-tik" wa haraka. Taa zikibaki na mwanga wake uleule, maana yake ni kwamba umeme mkubwa haukuanza hata kutoka. Ama amri ya kuzungusha haikuifikia stata, ama ilifika ikiwa dhaifu, ama ilifika kamili na stata yenyewe ikashindwa kufunga mguso wake wa ndani. Ndiyo maana betri mpya haikusaidia. Ili ujiridhishe, ipime asubuhi kabla ya kuwasha: betri iliyojaa husoma karibu volti 12.6, na injini ikiwa inaunguruma alternata, yaani jenereta inayoichaji betri, inapaswa kuifikisha kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi. Ukipata namba hizo, achana nayo na usiirudie tena.

Katika magari mengi ya umri wa lako, ukigeuza ufunguo huiwashi stata moja kwa moja. Unatuma umeme mdogo kupitia waya mwembamba hadi kwenye solenoidi, ile silinda fupi iliyopanda mgongoni mwa stata. Solenoidi ikipata umeme huo huvuta chuma kilicho ndani yake, chuma kile husukuma gia ndogo ikaume meno ya flaiwili, lile gurudumu kubwa la meno linalozunguka pamoja na injini, na papo hapo hukutanisha vipande viwili vya shaba vinavyoruhusu umeme mkubwa wa betri kuingia kwenye mota. Waya huo mwembamba ndio ninaoutilia shaka, kwa sababu una safari ndefu: hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, hupanda hadi swichi ya ufunguo, hushuka hadi swichi ya gia inayohakikisha mkono uko P au N, katika magari mengine hupitia relei (swichi inayofungwa na umeme mdogo ili ipitishe mkubwa), na ndipo hufika kwenye solenoidi. Kila kituo kina miguso ya chuma ambayo kwa miaka 26 imekuwa ikiungua kidogo kidogo na kushika kutu.

Na hapo ndipo linapoingia jambo la pili, ambalo umelitaja kwa sentensi moja na kulipita. Alamu za wizi zinazofungwa baada ya gari kutoka kiwandani mara nyingi hufanya kazi kwa kukata waya huohuo wa amri na kupitisha umeme ndani ya relei ya alamu, ili mwizi akigeuza ufunguo stata isipate kitu. Alamu inaweza kufa, king'ora kikanyamaza miaka mingi, lakini waya uliokatwa hubaki umekatwa na umeme wa stata yako huendelea kupita katika relei ileile ya zamani. Nimekwisha kufungua kifuniko cha chini ya usukani katika gari la namna hii nikakuta nyaya mbili zimesokotwa kwa vidole na kuzungushiwa utepe ambao gundi yake ilikuwa imeyeyuka na kugeuka utelezi mweusi; ukivuta waya kwa nguvu ya kuvutia uzi wa nguo, unatoka. Sisemi kwamba lako liko hivyo. Nasema kwamba hapo ni mahali pa kwanza pa kuangalia kwa macho, na kuangalia ni bure.

Utauliza mbona tatizo huja gari likiwa na joto. Joto mara nyingi halileti kasoro, bali huifichua iliyokuwapo. Ukinzani wa shaba, yaani jinsi inavyozuia umeme kupita, huongezeka kwa takriban asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Solenoidi hukaa karibu na injini, pengine karibu na bomba la moshi, na ukizima gari baada ya safari hakuna tena upepo wa kuipoza, hivyo joto lake huzidi kupanda kwa dakika kadhaa. Ikiongezeka nyuzi 60, koili yake, ule waya wa shaba uliozungushwa ndani yake, huwa na ukinzani wa karibu robo zaidi, na hivyo huvuta kwa nguvu ndogo zaidi kwa volti zilezile. Muungio mbovu unaomeza volti mbili njiani unaweza kuvumilika asubuhi na usivumilike mchana. Hii pia yaweza kueleza zile wiki tatu za amani baada ya kufungwa stata nyingine: fundi alipofungua na kurudisha plagi ya waya mdogo, aliikwangua bila kukusudia, na huenda solenoidi mpya ilikubali kuvuta kwa umeme dhaifu kidogo kuliko ile ya zamani. Kasoro ilibaki palepale, ikisubiri.

Sasa kipimo chenyewe. Tafuta balbu ya kawaida ya volti 12 na wati 5, kama zile za taa ya namba ya gari, pamoja na kishikio chake, waya mwembamba wa mita tatu au nne, na kishika fyuzi chenye fyuzi ya ampia 3. Ondoa waya hasi wa betri kabla ya kugusa chochote karibu na stata, kwa sababu terminali kubwa ya stata huwa na umeme wakati wote, hata ufunguo ukiwa mfukoni, na spana ikigusa hapo na bodi kwa pamoja huwa nyekundu kwa moto kabla hujaiachia. Unganisha waya wako kwenye terminali ndogo ya solenoidi pamoja na waya uliopo, bila kuuondoa huo uliopo, weka fyuzi karibu na ncha hiyo, kisha upitishe waya mbali na bomba la moshi, feni na mikanda hadi ndani ya gari. Ncha ya pili iende kwenye balbu, na mguu mwingine wa balbu uende kwenye boliti yoyote ya bodi iliyo chuma kitupu, isiyo na rangi. Ifunge balbu mahali unapoweza kuiona ukiwa umeketi. Haitapendeza, lakini ni ya siku chache. Usitumie taa ya LED, kwa kuwa hiyo yaweza kung'aa vizuri hata kwa umeme hafifu usioweza kuvuta solenoidi, ikakudanganya; balbu ya nyuzi hufifia kwa uaminifu.

Kila unapopiga stata na gari likawaka, balbu itawaka kwa muda uleule ambao injini inazunguka. Itazame kwa siku mbili tatu hadi uuzoee mwanga wake wa kawaida, kwa maana siku ya tukio utahitaji kulinganisha. Kisha gari litagoma. Siku hiyo usianze kugeuzageuza ufunguo kwa hasira kama ulivyozoea. Shikilia ufunguo kwenye nafasi ya kupiga stata kwa sekunde mbili, angalia balbu, achia, na uandike mahali: saa ngapi, gari lilikuwa limezimwa kwa muda gani, mkono wa gia ulikuwa wapi, balbu ilikuwaje. Rudia mara moja tu na uandike tena.

Ikiwa balbu haikuwaka kabisa, amri haikufika. Stata haina hatia, na hasara yako ya mwanzo itakuwa imepata maelezo. Ikiwa iliwaka lakini kwa mwanga wa manjano uliofifia, amri ilifika ikiwa imeliwa njiani, na kwa dalili ulizonieleza hili ndilo ninaloliona kuwa na uwezekano mkubwa kuliko mengine. Katika hali hizi mbili unaifuata njia ya waya mdogo kwa kuigawa katikati, na katikati yenyewe ni pale waya unapotoka kwenye swichi ya ufunguo, chini ya usukani. Ongeza balbu ya pili hapo, kabla waya haujaingia kwenye alamu, na usubiri mgomo mwingine. Balbu ya usukani ikiwaka kwa nguvu huku ile ya stata ikiwa imefifia au imezimika, swichi ya ufunguo ni nzima, na adui yuko kwenye alamu, swichi ya gia, relei au plagi zinazounganisha nyaya za ndani na za injini. Zote mbili zikififia, basi fundi wako wa tatu ana hoja, ingawa kabla ya kununua swichi pimeni pia umeme unaoingia kwenye swichi hiyo: tofauti kati ya unaoingia na unaotoka, wakati stata inapigwa, ikizidi nusu volti, swichi imekula miguso yake. Ulizeni kama sehemu yake ya umeme inauzwa peke yake, kwa kuwa mara nyingi huweza kubadilishwa bila kugusa kitasa na funguo zako.

Kuhusu swichi ya gia, kuna jaribio la haraka ambalo watu wengi hulifanya na kulielewa vibaya. Gari likigoma likiwa P, kanyaga breki, peleka mkono N na upige stata. Likiwaka, usiseme umepata jibu, kwa sababu huenda lingewaka hata ungebaki P. Umesema mwenyewe kwamba huwaka ukirudia. Lakini likigoma P mara tatu mfululizo na kuwaka N papo hapo, na jambo hilo likatokea siku mbili tofauti, hapo unao ushahidi wa kutosha wa kumwambia fundi arekebishe au aisafishe swichi hiyo.

Hali ya tatu ni balbu kung'aa kama kawaida huku stata ikiwa kimya. Hapo nitakuwa nimekosea katika kukisia, na lawama inarudi kwenye upande wa umeme mkubwa: vile vipande vya shaba ndani ya solenoidi vimelika, brashi za kaboni zimekwisha, au waya wa kurudisha umeme kutoka injini kwenda kwenye bodi na betri umeoza. Huo wa mwisho husahaulika sana, kwa kuwa injini imekalia raba na haigusani na bodi ipasavyo bila waya huo. Upimaji wake ni rahisi: weka multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo hasi ya betri yenyewe, si kwenye kibano chake, na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisha mtu mwingine apige stata. Kikisoma zaidi ya volti 0.3 hivi, safisha na kukaza miungio yake, au badilisha waya. Kati ya nguzo chanya na terminali kubwa ya stata usikubali zaidi ya nusu volti. Na kama ukigonga mwili wa stata kwa mpini wa nyundo, taratibu, huku balbu iking'aa, kisha stata ikazinduka, basi hata hiyo uliyofungiwa imechoka.

Jambo moja nakukataza waziwazi. Atatokea mtu mwenye bisibisi ndefu, aunganishe terminali kubwa na ndogo za solenoidi, injini izunguke, na watu washangilie. Njia hiyo inairuka swichi ya gia, kwa hiyo mkono ukiwa D injini itawaka na gari litasogea, likimkuta aliyeinama mbele ya boneti. Na usikubali pia gari la otomatiki lisukumwe ili liwake, kwa sababu kwa magari yaliyo mengi haiwezekani, na mtachoka bure.

Ikithibitika kuwa ni alamu, usiihurumie. Iondolewe yote, na waya uliokatwa urudishwe kwa kuchomelewa kwa risasi na kufunikwa kwa mpira unaosinyaa kwa joto, si kwa kusokotwa na utepe. Baada ya hapo, kwa gari la umri huu, mimi huona si vibaya kuongeza relei moja karibu na betri: pini (mguu wa relei) namba 30 ipate umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampia 30, pini 87 iende kwenye terminali ndogo ya solenoidi, na waya wa amri wa zamani ubakie na kazi nyepesi ya kuamsha koili kwenye pini 86, huku 85 ikienda kwenye bodi. Swichi ya ufunguo iliyokuwa ikibeba ampia nyingi sasa itabeba chini ya nusu ampia. Sharti waya huo wa amri uchukuliwe baada ya swichi ya gia, ili ulinzi wa P na N ubaki. Wapo mafundi wanaofunga relei hii kabla ya kutafuta chochote, na gari huwaka vizuri sana kwa mwaka mmoja au miwili. Lakini ule muungio mbovu unaendelea kuoza nyuma yake, hadi siku utakaposhindwa hata kuamsha relei.

Ile stata iliyo stoo usiiuze wala usimpe mtu kwa sasa. Ikiwa balbu itaonyesha kuwa amri ndiyo iliyokuwa haifiki, mpelekee fundi wa umeme wa magari aifungue, atazame brashi na vipande vya shaba, na kuipima mezani. Huenda ukawa na stata ya akiba iliyo bora kuliko ile uliyoinunua.